Nikivaa Nyekundu, Sichukui

Chechelesi, Isiolo
Jumatano

Baba Mwakio,

Presha yangu imeshuka, lakini haijashuka vya kutosha. Hayo ameyasema daktari wa kliniki jana asubuhi, baada ya kunipima mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha wa kushoto tena kana kwamba hakuuamini. Alisema namba ya juu imeanza kutii, ya chini bado ina kiburi. Hakuandika dawa mpya, na hakuandika ile barua ya kuniruhusu kusafiri. Amenipa kipimo kimoja zaidi, mwezi ujao. Alisema pia jambo la pili, linalohusu earphone, na hilo ndilo lililonifanya nikuandikie leo badala ya kungoja mwisho wa mwezi. Nitalifikia.

Najua unapenda barua ianze na salamu, na mimi kazi imenizoesha kuanza na habari. Basi pokea salamu sasa, hazijapoa. Goti je? Na masikio? Mwakio aliniambia kwamba mchungaji alikuuliza habari za mvua ukamjibu, "Ijumaa." Tangu simu ikushinde nimeona faida ya barua. Angalau naweza kukuambia jambo bila mtaa mzima wa Chechelesi kujua mahindi yameiva Wundanyi. Mama anakula? Ule uji wa wimbi anaukubali, au bado anasema una mchanga? Huko kwenu najua ukungu unakaa mlimani mpaka saa nne. Hapa saa nne ndipo upepo wa vumbi unapoanza, na mtu mwenye akili huwa ameshaingia ndani.

Mimi mzima, ila nimechoka. Siumwi. Nimechoka kama mtu aliyeuliza swali moja kwa miaka mingi, na kila anayejibu ni mgeni ofisini.

Tulivyopatana Krismasi sijasahau. Ulikuwa umeshika kikombe, hukukiweka chini. Ukasema, "Mama Mwakio, redio haitakuzika. Sisi ndio tutakuzika." Nikakubali mbele ya mama yako kwamba daktari asiponiandikia barua ya kusafiri, nitafunga mizigo nirudi nyumbani, na hakutakuwa na mjadala. Mhariri wangu naye ana sharti lake. Bila barua hiyo haniruhusu kupanda gari la kwenda Sericho wala Merti, na ripota wa Isiolo asiyefika Sericho wala Merti ni msomaji wa taarifa za watu wengine. Kwa hiyo kipimo cha mwezi ujao ndicho kitakachosema kama bado nina kazi. Nakuandikia hivi ili usidhani nimekwepa. Mimi sitaki kuacha kazi kwa sababu ya mkanda wa kupimia presha. Nikiacha, nataka niwe nimeamua mwenyewe nikiwa nimesimama.

Uliuliza katika barua yako kwa nini mtu mzima ahitaji earphone ili akimbie. Ukasema wewe ulikimbia vilima vya Wundanyi ukiwa huna kitu masikioni ila baridi, na ukawakimbiza watoto wa shule miaka yote hiyo kwa filimbi tu. Nakubali. Lakini mlima unampa mtu kazi. Unapanda, unatazama utelezi, unashika kichaka. Barabara ya hapa imenyooka, chini vumbi, mbele vumbi, na mwili ukishazoea mwendo kichwa kinabaki bure. Kichwa changu kikibaki bure kinaandika habari. Natoka nyumbani kupumzika, nafika nusu ya njia nimeshapanga taarifa ya jioni na kugombana na afisa wa maji ambaye hayupo. Mara nyingi nilikuwa nageuka kabla sijaifikia lami. Daktari alisema nikimbie mpaka lami na kurudi, kila asubuhi, mwendo wa kutoa jasho. Bila kitu masikioni sikuweza, na nilijaribu.

Basi nikaenda kwa Hawo. Hawo ana duka dogo karibu na soko, anauza kava za simu, chaja, tochi, na earphone za kila aina zilizoning'inia ukutani kama nyama ya kukaushwa. Ana ulimi mwepesi na hana haya.

"Mama Redio, leo umekuja kununua ama umekuja kuuliza maswali?"

"Kununua. Nataka earphone za mazoezi."

"Mazoezi ya nani?"

"Yangu."

Alinitazama toka kichwani hadi miguuni, bila haraka. "Wallahi, watu wa redio mko na mambo."

Akanipa zile ndogo zisizo na waya, zenye kiboksi chake. "Hii haina waya, haina shida. Usiku inalala kwa nyumba yake." Nilizipenda. Sauti safi, hazina uzito. Shida ni kwamba sikio langu likitoa jasho linateleza kama sabuni. Asubuhi moja karibu na lami moja iliruka, na wakati huohuo kundi la ngamia lilikuwa linavuka kwenda mnadani. Nikasimama kando kungoja. Ngamia akianza kuvuka barabara hana mpango wa kumaliza. Mchunga ngamia alinikuta nimeinama natafuta.

"Umepoteza nini, mama?"

"Sikio."

"Aa," akasema, kama mtu aliyeshasikia makubwa zaidi. "Pole."

Tuliliona. Lilikuwa bapa kama punje ya mahindi iliyopitiwa na gari.

Za pili zilikuwa za waya, zenye sponji laini. Hizo hazikuanguka. Zilikufa. Upande wa kushoto ulinyamaza kwanza, kisha wa kulia ukaanza kukoroma. Nilizifungua mwenyewe kwa kisu cha jikoni, maana nimekaa na nyaya kwa umri wangu wote wa kazi na najua zinavyokufa. Jasho la hapa hulioni, linakauka kabla halijadondoka, lakini chumvi inabaki. Sponji inainywa. Chini ya sponji kuna wavu mdogo, na vumbi laini kama unga limekaa pale likachanganyika na chumvi, likawa saruji. Nilizinunua kwa bei ya kilo mbili za nyama ya mbuzi, na nyama ingenifaa zaidi.

Sikutaka kwenda kwa Hawo mara ya tatu kusikia maneno yake. Nikachukua za kazini. Unazijua, zile kubwa nyeusi za kufunika masikio yote, ninazovaa nikirekodi ili nisikie kama sauti inaingia vizuri. Ni nzito, zinapika masikio, lakini zimeshafika Merti juu ya lori la magunia na bado zinasema. Nikaanza kukimbia nazo. Nikafika lami. Kesho yake nikafika tena. Nikajiona nimemaliza shida.

Sikujua kwamba ndiyo nimeianzisha.

Lazima nikueleze jambo la hapa, kwa sababu huko kwetu halipo. Watu wa Isiolo kurekodi wanakuita kuchukua. Ukitoa kipaza sauti mtu anakuuliza, "Unanichukua?" Nilipokuja mara ya kwanza serikali ya kaunti ilikuwa mpya, kila mtu ana la kusema na kila mtu anaogopa kusikika akilisema. Hakuna aliyejua ofisi ipi itamnyima nini. Kwa hiyo niliweka sheria, nikaitangaza hewani na nikairudia kila barazani. Mkiniona nimevaa hizi nyeusi masikioni, nachukua, na mtakachosema kitatoka. Nikizivua, sichukui, tunaongea tu. Sijaivunja siku hata moja. Kwa sheria hiyo watu wameniambia mambo ambayo hawangemwambia ndugu yao. Hata mwakilishi wadi akitaka kusema ukweli hunyoosha kidole kwenye masikio yangu, akangoja nivue.

Na mimi nikazivaa hizo nyeusi alfajiri, nikapita nazo mbele ya kila lango la Chechelesi.

Mwanzoni niliona mabadiliko madogo nikayapa sababu isiyo yake. Wanawake kwenye kioski cha maji, ambao kelele zao ndizo saa yangu ya asubuhi, walikuwa wananyamaza nikikaribia na kutazama mitungi yao. Wauza miraa waliokuwa wamekaa juu ya magunia walikuwa wananipa migongo. Nikadhani ni suruali. Mwanamke wa umri wangu kukimbia na suruali ya mazoezi ni jambo la kutazamwa kando, nikasema watazoea. Halafu kulikuwa na mzee Guyo, mlinzi wa ghala la mahindi. Yeye kila nikipita alikuwa anasimama wima, anavua kofia, midomo inacheza. Nilikuwa nimejaza masikio, sikusikia neno. Nilidhani ananiombea dua. Nikampungia mkono.

Kisha maziwa yakakoma. Jirani yangu Mama Talaso, yule mjane Mborana niliyekuambia anauza maziwa ya ngamia, huniletea mwenyewe chupa yangu kila asubuhi na kuniuliza "Nagaa?", yaani kuna amani, na mimi humjibu "Nagaa" ndipo anamimina. Nikaanza kuikuta chupa langoni, peke yake. Jumapili mchana akaja. Akakaa ukingoni mwa kiti. Nikaweka chai, hakuigusa. Zile nyeusi zilikuwa shingoni mwangu.

"Mama Mwakio, vua hizo."

Nikaziweka mezani.

"Weka mbali."

Nikazipeleka chumbani, nikafunga mlango. Niliporudi akaniuliza, "Sisi tumekukosea nini?"

"Kunikosea vipi, Mama Talaso?"

"Unatuchukua kila asubuhi. Hata hujaoga, unatuchukua. Mtu ameamka, amegombana na bwana yake kidogo, hiyo ni kawaida ya nyumba. Wewe unapita, unachukua."

"Sichukui. Nakimbia."

"Unakimbia unachukua. Na unakimbia ndio usiulizwe."

Baba Mwakio, nimewauliza maswali magavana na majambazi, lakini hapo mimi ndiye niliyehojiwa. Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Na Guyo amekasirika," akaendelea.

"Guyo naye nimemchukua?"

"Hapana. Guyo hujamtoa! Wiki nzima anaongea kwa redio yako. Mambo ya taa ya barabara, ile kaunti iliweka ikakufa. Anasema jina, anasema mtaa, anasimama mbali kidogo na ukuta, kila kitu vile ulifundisha watu. Halafu jioni anafungua redio na bibi yake na majirani. Hakuna Guyo."

Yaani nusu ya mtaa ilikuwa imekasirika kwa kudhani nimewachukua, na nusu nyingine kwa kuwa nimewachukua nikawanyima hewa. Kumbe fundi wa viatu naye alikuwa ameeleza habari za mtaro, na dada mmoja wa kioski alinikimbilia kando hatua kadhaa akilalamikia bei ya mtungi, nami nikaongeza mwendo nikidhani tunashindana.

Jioni ile nilienda ghalani na kinasa sauti. Nikamwambia mzee Guyo kwamba sikumsikia hata neno moja, kwamba nilikuwa nafanya mazoezi kwa amri ya daktari. Akanisikiliza, akavaa kofia yake.

"Ya Jumatatu ndiyo ilikuwa nzuri," akasema. "Tafuta ile."

"Mzee, ile haipo. Haikuchukuliwa."

"Basi. Mimi ile ya Jumatatu siwezi kusema tena hivyo. Nilikuwa na moto."

Nikamwomba mara mbili. Alikataa kwa adabu. Taa imebaki imekufa, na mimi nimekosa sauti niliyopewa bure.

Kwa hiyo ndivyo nilivyorudi kwa Hawo, na safari hii nilikwenda na Mama Talaso, yeye mwenyewe alitaka. Njiani alinieleza kitu ambacho sikuwahi kukitambua kwangu mwenyewe. "Wewe ukichukua, hutoi salamu. Mtu akikwambia salaam aleikum unainua kidole, hivi, ndio isiingie kwa redio. Sisi tunajua hiyo. Mtu akikusalimia na wewe uitikie, basi anajua huchukui." Akaniambia niache sikio moja wazi. Ni kweli kabisa. Nimeinulia watu kidole miaka yote nikidhani hawaoni.

Hawo alitusikiliza, akawa anafuta kaunta. "Sasa mnataka earphone ya kusikia salamu."

"Nataka isianguke, isife kwa jasho, isinimalize pesa, na niache sikio moja wazi," nikasema.

"Na isiwe nyeusi," akasema Mama Talaso.

Hawo akateremsha rundo zima. Nakuandikia nilivyochagua, kwa sababu Mwakio aliniuliza anunue zipi za kwenda nazo kwenye mpira, na nimeshalipa kujifunza. Zisizo na waya nilizikataa, maana moja ikipotea nyingine ni kipuli. Zenye sponji nilizikataa kwa habari ya chumvi. Nilitaka mpira mtupu, unaopanguswa kwa kitambaa. Nilitaka mkono wa kupita nyuma ya sikio, kama wa miwani, ili jasho lisiwe na la kufanya. Kisha nikashika pini ya kuchomeka kwenye simu, pale waya unapoingia, nikaikunja huku na huku. Waya haufi katikati, unafia shingoni. Nyingi zilionyesha ufa mweupe palepale. Moja haikuonyesha, ilikuwa na kola nene ya mpira. Waya wake mwekundu kama pilipili.

"Niletee maji kwenye kikombe," nikamwambia Hawo.

"Ya kunywa?"

"Ya kutia hii."

"Mama! Hii si mandazi."

"Wewe si umesema haiogopi jasho?"

"Jasho, ndiyo. Sijasema kuoga!" Akamgeukia Mama Talaso. "Shangazi, mwambie huyu. Ikishaingia kwa maji imenunuliwa."

Mama Talaso akamjibu, "Ulete maji, na utie chumvi."

Akaleta, akilalamika kwa Kisomali. Nikaichovya, nikaitingisha, nikaipangusa kwa leso, nikaichomeka kwenye simu. Ikasema. Hawo mwenyewe akaiweka sikioni, akatikisa kichwa, akapunguza bei kidogo bila kuombwa. Si ya bei rahisi kuliko zote, lakini ni nafuu kuliko zile mbili nilizozika. Upande wa pili nauingiza ndani ya kola ya fulana, hausemi na mtu.

Jioni nilitangaza hewani, kabla ya taarifa ya habari. Mhariri aliniruhusu sentensi mbili. Nikasema: nikivaa nyeusi, nachukua. Nikivaa nyekundu, sichukui, nakimbia kwa sababu ya presha. Sikutarajia kitu. Kesho yake asubuhi kwenye kioski cha maji mtu akapaza sauti, "Nyekundu!" na kelele zikarudi, zote kwa mkupuo mmoja. Sasa ndiyo salamu yangu. Wauza miraa wanaiita kutoka mbali, "Nyekundu, Mama Redio?" na mimi najibu, "Nyekundu!" Mzee Guyo haiti. Ananitazama masikioni, anakaa. Maziwa yamerudi.

Sitakudanganya kwamba mwendo ni ule aliotaka daktari. Sikio moja wazi lina gharama yake. Salaam aleikum moja inaleta habari za watoto, za mbuzi, za mvua ya huko malishoni. Hata hivyo nafika lami kila siku, na jasho linatoka, na earphone haijakohoa.

Sasa jambo la pili la daktari. Ni kijana wa kutoka Meru, mpole, anaandika vizuri kuliko madaktari wengi. Alipomaliza na mikono yangu akaniuliza, "Mama, unakimbia kweli?"

"Kila siku."

"Shahidi nani?"

"Chechelesi yote. Uliza."

Akacheka, akasema nesi wake anakaa huko na ameshamwambia. Halafu akaona waya mwekundu umechungulia kwenye mkoba. "Na unasikiliza nini huko? Nyimbo?"

Nikamwambia ukweli. Nasikiliza kazi. Nina sauti nyingi nilizochukua Sericho kabla sijazuiwa kusafiri, sijazikata ziwe taarifa, na nikaona huo ndio wakati wake. Yaani nakimbia na nafanya kazi, sipotezi kitu.

"Nipe nisikie."

Akaiweka sikioni akiwa amesimama. Ilikuwa ni yule mama wa Sericho, mwenye ngamia wawili waliobaki. Pampu ya kisima imekufa tena, gari la maji limeahidiwa tena, na nyuma ya sauti yake unasikia ng'ombe waliofika kwenye birika kavu. Hawapigi kelele. Wanapumua tu. Habari ya maji ya Sericho nimeitoa mara nyingi kiasi kwamba nabadilisha jina la afisa na kuacha mengine yalivyo. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, na watu walikuwa foleni nje. Kisha akaukunja waya taratibu, akanirudishia.

"Sasa hata mimi presha imepanda," akasema. "Mama, earphone ni nzuri. Umechagua vizuri. Shida ni vile umeweka ndani."

Nilitoka pale nikakaa kwenye benchi la nje muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nimekwenda mbio kila asubuhi nikidhani nakimbia kutoka Chechelesi hadi lami. Kumbe nilikuwa nakwenda Sericho na kurudi, kila siku, kwa miguu. Tena nilihangaika mtaa mzima ili watu waamini kwamba nikikimbia sichukui, na mimi mwenyewe sikuwa nimeacha kuchukua.

Leo asubuhi nimejaribu vingine. Nyimbo hazinisaidii, sikio langu linapima tu kama sauti imezidi. Mahubiri nimeyakata kichwani, nikamwondolea mhubiri aya tatu. Kimya unakijua, kinaandika habari. Nikageuka kabla ya lami, mara ya kwanza tangu ninunue nyekundu.

Ndiyo maana nina ombi, na ni ombi la kazi. Chukua simu ya Mwakio. Mwambie akurekodi. Usiniambie habari za nyumbani, nikisikia habari nitaanza kuuliza maswali. Usinibembeleze wala usinipe pole. Nataka unihesabie hatua, kama ulivyokuwa ukiwahesabia watoto wa shule uwanjani, kwa ile sauti iliyokuwa inasikika mpaka sokoni. Kushoto, kulia, kushoto, kulia. Mikono! Usitazame nyuma! Ukiniona nimelegea, nigombeze. Endelea kwa muda wa kutosha mtu kwenda mbali na kurudi, na ukichoka uvute pumzi, usizime, acha isikike. Simu ilikushinda kusikia, kusema haijakushinda. Nikikusikia unahesabu sitakuwa na cha kukata, maana hesabu haina afisa wa kumpigia.

Ndani ya kifurushi hiki nimeweka earphone nyingine nyekundu, ni ya Mwakio. Mwambie nimeshaitia majini, asirudie. Msalimie mama yako, umwambie uji wa wimbi hauna mchanga, ni meno. Msalimie dada yako mdogo, aliyenifumia ile sweta ambayo hapa naivaa mwezi mmoja kwa mwaka, na mkewe Mwakio, na mchungaji, umjibu safari hii kuhusu mvua. Mama Talaso anakusalimu ingawa hajakuona. Aliniuliza bwana yangu ni mtu wa namna gani, nikamwambia mwalimu wa michezo, akasema, "Basi hiyo presha umeitoa wapi?"

Kifurushi kinaondoka kesho na basi. Nikipata sauti yako wiki ijayo, nitakuwa nayo masikioni asubuhi zote zilizobaki. Nikikosa, nitakimbia hivyohivyo. Maneno yetu ya Krismasi yako palepale, siyageuzi.

Kipimo ni Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi. Alhamisi ya wiki hiyo gari la Sericho linaondoka kabla ya jua, na saa hiyohiyo kuna basi la Nairobi, njia ya kuja nyumbani. Nitapanda moja.

Mkeo,
Wakesho